Kufuga Maji: Tarikhi ya Pweza Katika Hodhi la Kioo

Wanyama ambao binadamu amewaingiza nyumbani mwake aghalabu waliingia kwa mlango wa manufaa: ng'ombe kwa maziwa yake, mbwa kwa ulinzi wake, paka kwa uadui wake na panya, na hata kasuku, ambaye hana kazi, aliingia kwa ulimi wake. Pweza hakuwa na mlango wowote kati ya hiyo. Hana sauti wala mfupa. Umri wake, katika aina nyingi, haufiki miaka miwili. Mwili wake hupenya katika tundu lolote linaloweza kupitisha mdomo wake mgumu, ambao ndio kitu cha pekee katika umbo lake kisichokubali kukunjika. Na maji anamoishi yakiharibika kidogo tu, hufa kabla mwenye nyumba hajatambua kwamba pana dhara. Hata hivyo, kwa muda wa karibu karne mbili sasa wamekuwako watu, kwanza Sicilia, kisha Uingereza, kisha Naples na Marekani, waliojitia katika gharama na mashaka ili wapate kuishi na mnyama huyu chini ya dari moja. Habari zao husimuliwa mara nyingi kama habari za werevu wa pweza. Mimi naziona zaidi kuwa ni habari za maji. Kwa maana kioo kilipatikana mapema, na pweza alikuwako tangu azali, lakini kuyaweka maji ya bahari yakiwa hai mbali na bahari kulichukua zaidi ya miaka mia, na kila hatua iliyopigwa katika elimu hiyo ndiyo iliyompa mtazamaji siku chache zaidi za kumtazama pweza.

Watu wa kale walimjua kwa kumwinda na kwa kumla. Aristotle, katika kitabu chake cha habari za wanyama, alimhukumu kuwa ni mjinga, kwa hoja kwamba mtu akitia mkono majini pweza huusogelea. Msomaji wa leo huona kwamba alichokiita ujinga kilikuwa ni udadisi. Plinius wa Roma, katika karne ya kwanza ya Masihi, alisimulia hikaya ya pweza wa Carteia, katika nchi ya Hispania, aliyekuwa akitoka baharini usiku na kuyaendea mahodhi ya kutilia samaki chumvi ili aibe. Wenyewe walipojenga ua, akaukwea kwa kupitia mti uliokuwa karibu, na mwisho ni mbwa waliomfichua alipokuwa akirudi zake. Ukubwa ambao Plinius alimpa mwizi yule haukubaliki na akili. Lakini tabia yenyewe, ya kutoka majini gizani, kushika njia ya nchi kavu kukifuata chakula na kurudi alikotoka, tutaikuta tena katika mji wa Brighton, imeandikwa na mtu asiyekuwa na tamaa ya kustaajabisha.

Sisi wa pwani hii hatukumhitaji Aristotle. Mwanamke wa Jambiani au wa Kisiwa Panza, anayeshuka mwambani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, hulitambua pango la pweza kwa makombe na magamba ya kaa yaliyotupwa mlangoni, na kwa mawe ambayo pweza mwenyewe ameyakusanya ili kujizibia. Na maarifa hayo yalikuwa urithi wa mama kwa binti kabla hayajawa makala ya maulama. Lakini maarifa ya mwindaji yana mpaka wake: humjulisha mahali alipo pweza na namna ya kumtoa, hayamjulishi pweza hufanya nini usiku kucha, wala hulindaje mayai yake, wala huwaje anapokaribia kufa. Kwa kuyapata hayo ilipasa mtu aketi mbele yake siku nyingi, na pweza awe yu hai.

Mtu wa kwanza kuketi hivyo kwa utaratibu alikuwa mshona nguo. Jeanne Villepreux alizaliwa mwaka 1794 katika kijiji cha Juillac, Ufaransa, binti wa fundi viatu. Yasemekana kwamba akiwa kijana wa miaka 18 alikwenda Paris kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, akaingia katika kazi ya ushonaji, na mwaka 1816 akatarizi vazi la harusi la binti mfalme wa Sicilia aliyeolewa na mwana wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa. Kazi ile ilimpatia sifa, na baada yake akakutana na mfanyabiashara James Power, aliyemwoa mwaka 1818 katika mji wa Messina, kwenye kisiwa cha Sicilia. Huko, bila chuo wala mwalimu, alianza kujifundisha habari za viumbe vya kisiwa kile, na swali lililomshika kuliko yote lilikuwa swali la kale: argonauti, jamaa ya pweza aishiye katika bahari kuu, ambaye jike lake hukaa ndani ya kombe jeupe, jembamba mno, je, kombe lile hulifanya mwenyewe, au hulinyang'anya kwa mnyama mwingine, kama afanyavyo yule kaa anayeishi katika makombe ya konokono waliokufa? Wataalamu wengi wa zama zile walielekea upande wa wizi, na hoja yao haikuwa dhaifu, kwa kuwa mwili wa argonauti haukushikamana na kombe lake mahali popote.

Shauri la namna hiyo haliamuliwi kwa kuchungulia mizoga iliyohifadhiwa katika chupa za spiriti. Mwaka 1832 Bi Power alitengenezesha vyombo vya namna tatu: kimoja cha kioo kitupu, cha kuwekwa nyumbani, kimoja cha kioo kilichozungushiwa kizimba, cha kuzamishwa katika maji ya kina kifupi, na cha tatu kizimba kikubwa kilichotiwa nanga baharini. Akawatia humo argonauti walio hai, akawalisha, akayavunja makombe yao kidogo kidogo, na akaona kwa macho yake jike akiuziba ufa kwa minyiri yake miwili mipana, ambayo ndiyo inayotoa maada ya kombe. Akawafuatia na watoto, ambao huanguliwa bila kombe lolote, mpaka walipoanza kujitengenezea. Habari hizi alizipeleka mbele ya Accademia Gioenia ya Catania, ambayo ilimkubali katika safu zake, jambo nadra kwa mwanamke wa wakati ule. Na mjini London, Richard Owen, bingwa wa elimu ya wanyama, alizipokea na kuzitetea. Mwaka 1838 merikebu iliyokuwa imechukua sehemu kubwa ya mikusanyo na maandishi yake ilizama. Baada ya kuondoka Sicilia mwaka 1843 hakuirudia tena kazi ile kwa namna aliyoifanya kwanza, na alifariki mwaka 1871 huko huko Juillac alikozaliwa.

Chombo chake cha nyumbani huhesabiwa kuwa babu wa mahodhi yote ya kioo yaliyofuata, na heshima hiyo ni haki yake. Lakini yafaa tutazame pia kwamba viwili kati ya vyombo vyake vitatu vilikuwa ndani ya bahari yenyewe, na kwamba kile cha nyumbani kilikuwa hatua chache kutoka pwani, ambako maji mapya yalipatikana kwa ndoo wakati wowote yatakiwapo. Bi Power hakuyafuga maji. Aliyaazima na kuyarudisha. Hekima iliyomo katika jambo hilo haikuonekana mpaka watu walipojaribu kinyume chake.

Waliojaribu ni Waingereza. Ushuru wa kioo ulifutwa kwao mwaka 1845, na bei ya kioo ikashuka. Reli ikawa inaleta London vyungu vya maji ya bahari. Na mwaka 1846 Bi Anna Thynne aliyaweka matumbawe hai nyumbani kwake katikati ya jiji lile, akamwamuru mtumishi wake ayamimine maji yale kutoka chombo hiki hadi kile ili yapate hewa. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alibainisha kwamba mimea ya majini hutoa oksijeni ambayo wanyama huihitaji, na kwamba chombo chenye mimea na wanyama kwa kadiri kinaweza kusimama kwa usawa wake. Mwaka 1853 Jumba la Samaki likafunguliwa katika bustani ya wanyama ya Regent's Park. Na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake *The Aquarium*, kilichoingia katika sebule za watu wenye nafasi na kuwasha humo homa kubwa. Makundi ya watu wenye ndoo na nyundo yakashuka pwani za Devon na kwingineko, yakabandua kila kilichobanduka, hata mwanawe Gosse, Edmund, akiandika mwaka 1907 habari za utoto wake, alikuja kuomboleza miamba ile iliyoachwa mitupu. Na katika zile sebule zenyewe maji yalikuwa yakioza. Usawa wa Warington ulikuwa ni nusu ya ukweli: ulieleza hewa itokako, haukueleza uchafu uendako. Kiumbe kidogo cha matumbawe kiliweza kustahimili wiki kadhaa katika hali ile; pweza, ambaye hula nyama kila siku, huchafua maji kuliko samaki wa ukubwa wake, na akitishwa hutia wino, hakuwa na maisha humo.

Kwa hiyo pweza aliingia kwanza katika mahodhi ya umma, na aliingia akiwa amekwisha kupata sifa mbaya. Mwaka 1866 Victor Hugo, aliyekuwa uhamishoni katika kisiwa cha Guernsey, alitoa riwaya yake *Les Travailleurs de la mer*, ambamo mtu mmoja anapigana na pweza katika pango la bahari, na pweza yule amepambwa kwa kila sifa ya shetani. Ulaya nzima ikatamani kumwona. Hodhi kubwa la umma la Brighton lilipofunguliwa mwaka 1872, watu walimiminika kwenda kulitazama dubwana, wakamkuta mnyama mwenye haya, aliyejikunyata katika pembe ya mawe na kuwatazama kwa jicho moja. Henry Lee, mtaalamu wa hodhi lile, alichoka kuyajibu maswali ya wageni hata akaandika kitabu, kilichotoka mwaka 1875, cha kutenga hadithi na kweli katika habari za pweza. Nakithamini kitabu kile kwa sababu kimeandikwa na mtu aliyefanya kazi ya kutazama, na ambaye alipoona jambo la ajabu alilisema kwa maneno machache.

Katika jambo hilo la ajabu lililo mashuhuri kuliko yote, samaki wachanga waliokuwa katika hodhi moja walianza kutoweka, mmoja baada ya mmoja, pasiwe na mzoga wala alama. Asubuhi moja pweza wa hodhi la jirani akakutwa humo. Ilidhihirika kwamba alikuwa akitoka majini usiku, akivuka ukuta, akila, na kurudi kwake kabla ya mapambazuko, ili mchana aonekane katika pango lake akiwa na utulivu wa mwenye nyumba asiyedaiwa. Lee aliandika pia habari ya jike aliyetaga mayai yake mbele ya macho ya watu, akayalinda na kuyapulizia maji kwa mrija wake bila kuyaacha. Kisa hicho hakikuvuma kama kile cha wizi, ingawa chanzo cha msiba wa kila mfuga pweza kimo ndani yake, kama tutakavyoona.

Siri ya mahodhi hayo makubwa ilikuwa chini ya sakafu. William Alford Lloyd, aliyeanza maisha yake ya kazi kwa kuuza wanyama wa bahari dukani London, ambaye baadaye alisimamia hodhi la Hamburg lililofunguliwa mwaka 1864 na lile la Crystal Palace mwaka 1871, alifahamu kabla ya wengi kwamba maji ya kuonyeshea yapasa kuwa sehemu ndogo tu ya maji yote. Chini ya jengo aliweka birika kubwa la maji katika giza, penye ubaridi, na pampu za mvuke zikawa zinayapandisha na kuyashusha mchana na usiku. Kwa nini giza na mwendo viliyasafisha maji, yeye mwenyewe hakuweza kueleza kwa ukamilifu, wala hapakuwa na mtu wa wakati wake awezaye. Aliona tu kwamba vinasafisha. Ufundi ulitangulia elimu kwa karibu miaka ishirini, mpaka Sergei Winogradsky alipoonyesha, karibu na mwaka 1890, kwamba wako bakteria ambao kazi yao ni kuigeuza amonia, sumu itokayo katika mkojo na katika vilivyooza, kuwa nitriti, na wengine ambao huigeuza nitriti hiyo, ambayo nayo ni sumu, kuwa nitrati, ambayo si hatari sana.

Wakati huo huo Anton Dohrn, Mjerumani, alikuwa amejenga Naples kituo chake cha elimu ya viumbe vya bahari, kilichoanza kujengwa mwaka 1872 na ambacho hodhi lake lilifunguliwa kwa watu mwaka 1874. Kituo kile kilikuwa kando ya ghuba, kikivuta maji yake moja kwa moja kutoka baharini. Yaani kilirudi, kwa mitambo mikubwa, kwenye desturi ile ile ya Bi Power. Ndiyo maana pweza waliishi humo kwa afya, na ndiyo maana J. Z. Young na Brian Boycott walikwenda huko mwaka 1947, vita vikiwa vimekwisha, kuanza uchunguzi wao wa ubongo wa pweza na kumbukumbu yake. Kila pweza alipewa hodhi lake na nyumba ya matofali machache upande mmoja. Upande wa pili aliteremshiwa kaa, mara peke yake, mara pamoja na kibao cheupe, na akimwendea yule mwenye kibao alipata mshtuko mdogo wa umeme. Baada ya majaribio machache pweza alijua yupi wa kumwendea na yupi wa kumwacha. Sehemu fulani ya juu ya ubongo wake ilipokatwa, hakuweza tena kujifunza jambo lile kwa macho. Hapo ndipo hukumu ya Aristotle ilipotenguliwa, si kwa hikaya bali kwa hesabu.

Ni Naples pia ambako Peter Dews, mtaalamu wa Marekani, alifanya majaribio aliyoyatangaza mwaka 1959, ya kuwafundisha pweza watatu kuvuta mtaimbo mdogo ili wapewe kipande cha samaki. Aliwaita Albert, Bertram na Charles. Albert na Bertram walivuta kama walivyotakiwa. Charles alivuta pia kwa siku kadhaa, kisha akaanza kujishika ukutani kwa minyiri na kuuvuta mtaimbo kwa nguvu za kuuvunja, na mwisho akauvunja. Aliikamata taa iliyokuwa juu ya maji akajaribu kuizamisha. Na wakati wote alikuwa na mazoea ya kuwapulizia maji watu waliosimama kando. Dews aliyaandika haya katika ripoti yake kwa lugha kavu ya maabara, na ukavu huo ndio unaoyafanya yaaminike. Nadhani ripoti ile fupi ilifanya kazi kubwa kuliko vitabu vingi katika kuwatia watu hamu ya kukaa na pweza nyumbani, kwa kuwa baada ya Charles ilikuwa vigumu kusema kwamba pweza ni kitu cha kutazamwa tu. Ilionekana wazi kuwa yeye naye hutazama.

Basi hamu ilikuwapo, yalisalia maji. Katika miaka ya 1950 na 1960 mambo matatu yalikutana Marekani karibu kwa wakati mmoja. La kwanza ni elimu ya bakteria, ambayo wafugaji wa nyumbani waliipata kwa kulaza changarawe chini ya hodhi na kuyapitisha maji ndani yake, wale bakteria wakapata pa kukaa. Na mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alitangaza njia nyepesi zaidi, ya kuchukua vipande vya mwamba pamoja na uhai wote uliomo ndani yake na kuviacha vifanye kazi vinavyoifanya baharini, bila mtambo ila mapovu ya hewa. La pili ni chumvi. Gosse alikuwa amechapisha kanuni ya kuichanganya tangu karne iliyotangulia, lakini sasa ilitengenezwa viwandani na kuuzwa katika mifuko, na iliyoenea kuliko zote, Instant Ocean, ilianza kuuzwa mwaka 1964, ikitengenezwa katika jimbo la Ohio, ambalo halipakani na bahari yoyote. La tatu ni gundi ya silikoni, iliyowezesha kioo kuungwa na kioo pasipo fremu ya chuma. Na hilo si dogo, kwa sababu chumvi hula chuma, na madini yanayoyeyuka majini, hasa shaba, humuua pweza kwa kiasi ambacho samaki hata hakihisi. Dawa za shaba ambazo wauza samaki huzitia majini kutibu vimelea zimewaua pweza wengi mikononi mwa watu wenye nia njema.

Hivyo kwa mara ya kwanza mtu wa bara, asiyepata kuiona bahari, aliweza kuifanya sebuleni mwake. Desturi zilizokua katika ufugaji huo zinaonyesha jinsi mnyama alivyowafundisha walinzi wake. Hodhi huachwa miezi mitatu na maji yake matupu kabla pweza hajaingia, bakteria wapate kuzaana. Kifuniko hufungwa kwa komeo au hulazwa vitu vizito. Kila tundu la bomba huzibwa kwa sifongo au wavu. Pweza hukaa peke yake, kwa kuwa wawili aghalabu huwa mmoja. Na hupewa kaa walio hai, wakati mwingine ndani ya chupa iliyofungwa, apate shughuli. Aina iliyopendelewa kuliko nyingine ni pweza wa California mwenye madoa mawili, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1949, na sababu ni mayai yake. Pweza wa kawaida wa Ulaya hutaga zaidi ya 100,000, na watoto wake huelea katika bahari wiki nyingi wakiwa wadogo mno, kazi ya kuwakuza ikawashinda watu kwa miaka mingi. Yule wa California hutaga machache, makubwa, na watoto hushuka chini mara tu wanapoanguliwa na kuanza kuwinda, kwa hiyo aliweza kuzalishwa huko Galveston, Texas, kwa matumizi ya maabara. Anayemnunua pweza aliyekamatwa baharini hajui umri wake, na mara nyingi humpokea akiwa amebakiwa na wiki chache.

Maana hapa ndipo msiba ulipo. Jike akishataga huacha kula, akayalinda mayai kama yule wa Brighton, na yanapoanguliwa hufa; dume naye hudhoofu na kufa baada ya kupandana. Mwaka 1977 Jerome Wodinsky alionyesha kwamba amri ya kifo hiki hutoka katika tezi zilizo karibu na macho, kwani majike aliowaondolea tezi hizo waliyaacha mayai, wakarudia kula, na wakaishi muda mrefu zaidi. Hakuna maji mazuri yanayoweza kuiondoa amri hiyo. Mfuga pweza huzoeana na mnyama anayemtambua kwa uso, anayemngoja pembeni mwa kioo saa ya chakula, na ambaye, kwa hesabu ya kawaida, hatakuwapo mwaka ujao.

Kutambuana huko si dhana ya wapenzi tu. Katika hodhi la umma la Seattle watunzaji walikuwa na desturi ya kuwapa pweza majina kwa kufuata mienendo yao, na desturi hiyo ndiyo iliyowapeleka Roland Anderson na Jennifer Mather kuwachunguza pweza wekundu 44 na kutangaza, mwaka 1993, kwamba hutofautiana kwa ushujaa, woga na uchangamfu kama tunavyotofautiana sisi. Mwaka 1999 wawili hao walieleza pia kwamba kati ya pweza wakubwa wanane waliopewa chupa tupu ya dawa inayoelea, wawili waliipulizia maji tena na tena, ikaenda na kurudi, pasipo faida yoyote isipokuwa mchezo.

Sheria ilifuata kwa mwendo wake. Mwaka huo wa 1993 Uingereza ilimwingiza pweza wa kawaida katika sheria inayowalinda wanyama wa majaribio, wa kwanza kati ya wanyama wasio na uti wa mgongo, na mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukawaingiza pweza wote pamoja na ngisi na dome. Kwa sheria hiyo ya Ulaya mtaalamu wa Naples anayetaka kurudia jaribio la Young hana budi kuomba idhini, kueleza ni maumivu gani atakayosababisha na namna ya kuyapunguza, na kukubali kukaguliwa. Sheria hizo ni za maabara, hazimfikii anayemnunua pweza dukani na kumpeleka nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki. Na kwa kuwa maji hayo hayana mkaguzi, ubora wake umebaki mikononi mwa mwenye nyumba na kipimo chake kidogo cha amonia.